Namba 4294967297

Twaeni 2, muizidishe kwa yenyewe mpate 4. 4 kwa yenyewe ni 16. Kisha 256, kisha 65536. Kila moja mkiiongezea 1, tangu ile 2, mtapata 3, 5, 17, 257 na 65537, na zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliona haya mwaka 1640, akasadiki kwamba zifuatazo nazo zitakuwa hivyo hivyo bila mwisho. Uthibitisho hakuwa nao, na mwenyewe alisema hivyo.

Ifuatayo ni 4294967297. Mwalimu wetu wa hesabu aliiandika ubaoni muhula uliopita, akatuuliza kama ni tasa, akatoka. Bwenini mwenzangu mmoja, anishindaye katika kila mtihani, alisema jambo lililotimia mara tano limekwisha kuwa kanuni. Tena mimi ni nani hata nimpinge Fermat? Tukawekeana sharti: atakayeshindwa atafua mashuka ya mwenziwe hata likizo.

Basi nikaanza kugawa. Kwa 3, kwa 7, kwa 11, namba tasa moja baada ya moja, na kila mara baki. Usiku wa kwanza nilifika 199, wa pili 433. Nami nilijua kwamba ikiwa ni tasa kweli, itanipasa kuzijaribu namba tasa zote hadi 65536, nazo ni 6542. Likizo yenyewe isingetosha.

Usiku wa tatu nikafika 641, ya 116 katika orodha. 4294 kwa 641 ni 6, baki 448. Nikashusha 9: ni 7, baki 2. Nikashusha 6, nikashusha 7, sifuri mbili. Nikashusha 2: ni 4, baki 108. Nikashusha 9: ni 1, na lile baki la 448 likarudi! Imesalia tarakimu moja tu, 7. Ikawa 4487, na hiyo ni 641 mara 7 barabara. Niliigawa tena toka mwanzo kabla sijamwamsha mwenzangu. Jibu ni 6700417.

Mashuka aliyafua, wala hakununa. Lakini mwalimu alipoyaona makaratasi yangu alicheka. Kumbe Leonhard Euler, akiwa St Petersburg, aliitoa 641 hiyo hiyo mwaka 1732. Na baadaye akaonyesha kwamba namba yoyote iigawayo hii, nayo ikigawanywa kwa 64, lazima ibakishe 1. Hesabuni wenyewe namba tasa za namna hiyo: 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu, nami nimekesha kwa 116.

Mpaka leo hakuna aliyepata tasa ya sita katika ukoo huu, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Ile ifuatayo, 18446744073709551617, Landry aliivunja mwaka 1880: inagawanyika kwa 274177. Mwenzangu sasa anaigawa kwa mkono ili ahakikishe, na ameniletea sharti jingine. Nimelikataa.