Ni Nani Aitikaye?

Katika mitambo ya Linux na Unix, mamlaka makubwa kuliko yote hushikwa na mtumiaji aitwaye root. Hakuna mlango umzuiao. Aweza kufuta faili ya mtu yeyote, hata zile ambazo mtambo wenyewe hauwezi kuamka bila ya hizo. Kwa ajili hiyo, yapata mwaka 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York mjini Buffalo walitunga programu ya sudo, ambayo humwazima mtu mamlaka hayo kwa amri moja, kisha ikayatwaa.

Wanafunzi wangu wa ualimu hudhani kwamba hatari yote imo katika amri waandikayo. Mimi huwataka waulize pia ni nani aitikaye. Amri kama ls ni jina tu. Kompyuta hulitafuta jina hilo folda baada ya folda, kwa kufuata orodha iitwayo PATH, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo itendayo kazi. Haiulizwi ukoo wake. Tuseme basi mkuu wa mtambo ametia nukta mwanzoni mwa orodha yake, maana yake "hapa nilipo". Mwenye hila huandika programu mbaya, akaiita ls, akaiweka katika folda ya watu wote kama /tmp. Siku mkuu atakapoingia humo na kuita ls, atajitokeza mgeni aliyevaa kanzu ya mwenyeji, naye atakuwa amekwisha kukabidhiwa funguo za nyumba nzima.

Ndiyo maana sudo ina kinga iitwayo secure_path. Ikiwekwa, orodha ya mwitaji huachwa kando, ikatumiwa nyingine ya folda zilizofungwa kwa watu wa kawaida, kama /usr/bin. Kinga hii ina udhia wake: programu uliyoiweka katika folda yako huitika ukiiita mwenyewe, lakini ukiiita kwa sudo huambiwa haipo. Hapo wengi hukasirika wakaufuta mstari wa secure_path, jambo ambalo kwangu ni sawa na kung'oa komeo kwa sababu limekukwaruza kidole. Afadhali kuandika njia kamili ya programu, na kabla ya hapo kutazama ni nani mwenye idhini ya kuibadilisha. Kwani faili ambayo jirani aweza kuiandika upya usiku, asubuhi si ile uliyoijua jana. Naye alazimikaye kurekebisha sheria za sudo atumie visudo, ambayo hukagua maandishi kabla ya kuyahifadhi. Kosa la herufi moja mle laweza kuwafungia nje wote, pamoja na yule aliyekwenda kutengeneza.