Kisanduku cha Umeme cha Bei Nafuu

Ndugu walimu, wachuuzi wetu wamezoea kuyachanganya maneno mawili, rahisi na nafuu. Bei ikiwa ndogo, kitu huwa rahisi. Lakini nafuu ni kupungukiwa na dhiki, kama mgonjwa aliyepata nafuu. Nimeifikiri tofauti hiyo mara nyingi tangu kompyuta zilipoanza kuingia katika shule zetu za vilima vya Itaba, hasa inapobidi kununua kile kisanduku cha chuma cha kompyuta ya mezani ambacho mafundi hukiita pawasaplai.

Kazi yake ni kupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kila kiungo cha kompyuta hulishwa kwa mkono wake. Kikiharibika vibaya, hakifi peke yake.

Mkoa wetu wa Gitega ulipata mtambo wa umeme wa jua huko Mubuga mwaka 2021, wenye nguvu ya megawati 7.5, na tuliufurahia. Hata hivyo umeme bado hukatika, na urudipo huja kwa kishindo. Hapo ndipo kisanduku duni hujulikana, kwa kuwa mtengenezaji amepunguza gharama mahali pasipoonekana: ameacha vichujio, ameacha kinga ya volti kuzidi, ametia kapasita zisizostahimili joto. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kizuri hiki kimefungiwa ndani ya bati, na rangi ya nje ni ileile.

Katika shule moja jirani kisanduku kipya kisicho na jina kiliungua pamoja na ubao mkuu na diski. Ndani ya diski mlikuwa na maneno ya Kirundi na Kiswahili yaliyokusanywa na walimu kwa miaka minne. Mchuuzi alikubali kurudisha nusu ya bei ya kisanduku.

Je, tununue vya ghali? Sioni haja. Kompyuta ya kuandikia mitihani kwa kawaida haifikishi wati 100. Kisanduku cha wati 300 za kweli chaitosha sana. Neno zito hapo ni kweli. Someni kibandiko, tena msiishie kwenye tarakimu kubwa. Nimekiona kimoja kilichoandikwa wati 500, na chini yake, kwa herufi za mchwa, volti 12 kwa ampea 16. Zidisheni: ni wati 192, na kompyuta za siku hizi huchota sehemu kubwa ya nguvu zake katika hizo volti 12. Hesabu hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, husaidia, ingawa kibandiko nacho huweza kughushiwa.

Mimi napendelea kisanduku kilichotumika, kilichotolewa katika kompyuta ya ofisi ya Dell au HP, kuliko kipya kisicho na ukoo. Lakini pimeni kwanza, maana baadhi yake vina umbo na plagi za namna yake. Vingine, hasa vya zamani, vina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku hupasuka mara kinapochomekwa katika ukuta wetu. Wala mtu asikifungue kwa udadisi: kapasita huweza kushika umeme wa kuua hata waya ukiwa umechomolewa.

Mwenzangu atasema mshahara hautoshi hata kwa hicho kilichotumika. Basi na anunue kwanza flashi, anakili kazi zake, kisha asubiri.

Shuleni kwetu tulipata viwili vya namna hiyo mjini Gitega. Kimoja kinamaliza mwaka wa tatu sasa; feni yake yanguruma kama kinu cha kusagia mahindi, na wanafunzi wa safu ya mbele huniomba nikizime wakati wa imla.