Wageni wa Desemba

Gari la mwisho la wageni huondoka kabla ya Krismasi. Wameshapiga picha, wamecheza ngoma na wasichana, wameacha katoni za sabuni na magunia mawili ya mchele. Nikishafunga geti ndipo hesabu inapoanza: wasichana 187, vitanda 60, matroni 4, mpishi na msaidizi wake, simtanki moja la maji. Shule zinafunguliwa Januari. Kabla ya hapo inabidi nijue nani anarudi kwao, nani harudi, na nani akirudi atakuwa salama walau mpaka Pasaka.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nilifundisha shule ya msingi miaka 19 kabla sijaingia kwenye kazi ya nyumba salama, na hadi leo watu wananiita Mwalimu, hata wale wasionipenda. Nilikeketwa Desemba 1986 nikiwa darasa la tano. Nilipewa doti moja ya khanga, tena mwaka ule khanga zilikuwa adimu, na mjomba akanipa mbuzi. Nayasema haya mapema kwa sababu wazazi huniuliza kabla sijamaliza maji waliyonikaribisha: "Na wewe je, Mwalimu?" Ningekuwa sijakeketwa wangeniita msagane na mazungumzo yangeishia hapo. Kwa kuwa nimekeketwa, wanasema mbona hukufa. Sijawahi kupata jibu la kuwanyamazisha, lakini angalau tunakuwa tumeanza kuongea.

Kwa asiyeujua mkoa wetu wa Mara, ukeketaji kwetu una msimu. Shule zikifungwa Desemba, hasa mwaka wa shufwa, wazee wa mila wa kila koo hukaa vikao vyao, wakasoma dalili wanazozijua wao, kisha wakatangaza kama mwaka unafaa. Wanchari wanaweza kuukataa mwaka ambao Watimbaru wameukubali. Ndiyo maana kuanzia Oktoba mimi nasikiliza zaidi ya ninavyosema: dereva wa bodaboda aliyebeba mzee fulani kwenda kikaoni, mama muuza pombe aliyepewa oda kubwa, mwalimu aliyesikia watoto wakitaniana darasani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 8 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa. Kwa Mara ni asilimia 28. Ule wa 2015/16 ulikuta 32. Imeshuka, ndiyo, ila ukiwa umelaza wasichana watatu kwenye godoro la mtu mmoja hushangilii sana.

Wanakuja usiku. Wengine wameletwa na polisi wa dawati la jinsia, wengine na mtendaji wa kijiji, wengine baada ya mtu kupiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Mmoja aliletwa na kaka yake kwa baiskeli, kilomita nyingi gizani, na yule kijana hakutaka hata chai. Alimshusha, akageuza, akaondoka. Mwingine alifika amevaa sare ya shule juu ya magauni mawili, na ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa na kitu kimoja tu, matokeo yake ya darasa la saba. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari.

Huo usiku wa kukimbia ndio wageni wanaoutaka. Wanaomba msichana auhadithie, ikiwezekana mbele ya kamera, na akilia ni bora zaidi. Siku hizi nakataa. Mtoto aliyetoroka jana hajui bado kama atamchukia mama yake maisha yote au wiki mbili. Akishasema neno kwenye video, neno hilo litamtangulia kijijini.

Kazi yenyewe ni kwenda nyumbani kwao. Tunakwenda watatu au wanne: mimi, afisa ustawi wa jamii, mtendaji, na askari wa dawati ambaye namwomba siku hiyo asivae sare. Hatuanzi na sheria. Tunaanza na mvua, tunauliza ng'ombe, tunasubiri mzee amalize alichokuwa akifanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenirudishia wangu, au umekuja kuchukua mwingine?"

Huyo mzee nilimzoea baadaye. Hakuwa katili. Alikuwa na hesabu, na hesabu yake niliielewa kwa sababu baba yangu alikuwa nayo hiyohiyo. Ng'ombe wa mahari ya binti ndio wanaomwolea kaka yake. Binti asipokeketwa, waoaji wanasitasita au wanataja ng'ombe wachache, na kijana wa miaka 24 pale nyumbani anaendelea kungoja. Nilichukua miaka kuelewa kwamba mara nyingine anayesukuma zaidi si baba, ni huyo kaka anayengoja, au bibi ambaye bila tohara hana mjukuu wa kusherehekea mbele ya wenzake. Unaweza kukaa saa tatu ukimshawishi baba, mkakubaliana, mkapeana mikono, na uamuzi ukawa hauko kwake hata kidogo.

Sheria ipo. Tangu 1998 kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Nenda mnadani na laki tatu uone kama utarudi na ng'ombe wa maana. Na shahidi wa kwanza ni nani? Ni mtoto mwenyewe, anayetakiwa asimame mahakamani aseme mama alinishika miguu. Wengi hawasemi, na mimi siwezi kuwalaumu. Kesi huyeyuka, familia inarudi nyumbani ikiwa imejifunza kuficha: sasa wapo wanaokeketwa wakiwa wadogo zaidi, bila ngoma, bila khanga, ndani ya nyumba iliyofungwa mlango.

Kuhusu sherehe za ngariba kuweka chini vifaa, nitasema kidogo tu. Nimemwona ngariba mmoja akikabidhi wembe wake mbele ya kamera mara mbili, kwa mashirika mawili tofauti. Mara ya pili alipita kunisalimia.

Mwaka 2017 nilifanya kosa ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Msimu wa Desemba 2016 ulikuwa mzito, chakula kilikuwa kimekwisha, nadaiwa dukani, na mfadhili alitaka ripoti kabla Januari haijaisha. Kwenye ripoti palikuwa na kisanduku cha kujaza: wangapi wameunganishwa na familia zao. Kulikuwa na binti wa miaka 13, mpole, anayependa kukaa jikoni na mpishi. Baba yake alikuja mwenyewe, akaahidi, akaweka dole gumba kwenye hati mbele ya mtendaji. Sikwenda kwao. Sikumwona mama peke yake, wala bibi, wala sikuuliza kama kuna kaka anayetaka kuoa. Nilimpa sare, nikampakia kwenye gari, nikajaza kisanduku.

Likizo ya Pasaka walimvusha mpaka, wakampeleka kwa shangazi upande wa Kenya. Kule sheria ya 2011 ni kali kuliko yetu, lakini nani angemjua mtoto wa Tanzania aliyekuja kusalimia shangazi? Aliporudi alikuwa ameshakeketwa, na muhula uliofuata hakuonekana shuleni. Sasa ni mama wa watoto wawili. Anauza mchicha na nyanya, sitasema wapi. Tukikutana ananisalimia vizuri, anaongeza fungu moja bila kulihesabu. Hajawahi kunilaumu, na mimi sijapata ujasiri wa kumwomba radhi, kwa sababu naogopa ataniambia si kitu.

Tangu hapo hatujazi kisanduku hadi tumefika nyumbani mara tatu. Ziara moja ni ya mama peke yake, shambani au kisimani, mahali ambapo mume hasikii. Bibi anaulizwa kwa jina lake na kwa heshima yake. Bibi aliyepuuzwa ni hatari. Tunauliza waziwazi habari za kaka na ng'ombe. Kila msichana anaondoka amekariri namba mbili za simu, bila kuziandika, na kila mmoja ana mwalimu mmoja shuleni anayejua akikosekana siku mbili atupigie. Pasaka na likizo ya Juni tunapita tena, hata kama ni kwa kusalimia tu. Si kila mmoja anarudi kwao. Wapo tunaokaa nao miaka kwa idhini ya ustawi wa jamii, na wapo waliojifunza cherehani hapa na sasa ndio wanaoshona sare za wadogo zao.

Haya yote yanahitaji mafuta ya gari mwezi Machi. Hapo ndipo ninapogombana na maandiko ya miradi. Bajeti ya Desemba ina fulana, bango, vipaza sauti, chakula cha mahafali ya wasichana waliokwepa msimu. Mahafali tunayafanya, wasichana wanaandamana na tarumbeta, wanapewa vyeti, na kina mama wengine wanakuja kwa ajili ya pilau, sina shida na hilo. Lakini mshahara wa matroni wa Mei hauonekani popote. Nimewahi kuambiwa kwa upole kwamba ziara za nyumbani "hazina matokeo yanayopimika". Mfadhili mwingine alikataa kurudisha fedha za dagaa kwa kuwa sikuwa na risiti ya mashine. Dagaa nilinunua kwa mama aliyekaa chini sokoni na kopo la kupimia. Mashine angeiweka wapi?

Elimu ya sekondari ya kutwa ya serikali haina ada tangu 2016, na hilo limetuokoa. Lakini mtoto hawezi kuingia kidato cha kwanza peku. Fomu ya kujiunga ina orodha: sketi, mashati, sweta, madaftari, rimu ya karatasi, jembe au fagio kutegemea shule. Baba aliyekasirika hanunui vitu hivyo. Binti anakaa nyumbani wiki ya kwanza, ya pili, na wiki ya tatu anaonekana kama mtu asiye na shule, na msichana asiye na shule kwetu ana jambo moja tu linalomngoja. Nimeona jozi ya viatu ikiamua ugomvi ambao vikao vinne vilishindwa: mzee alipomwona bintiye amekamilika, amesimama na begi mgongoni, aliona aibu kumzuia mbele ya majirani.

Watu wananiuliza kama sichoki. Nachoka. Nimewahi kufungiwa barabara kwa mawe, na nimewahi kulala kwenye gari nje ya kituo cha polisi kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa mpaka chumbani kwangu. Mume wangu husema nimeolewa na yeye pamoja na Desemba. Kisha Januari inafika, na naamka saa kumi alfajiri kupika uji wa wale wanaoondoka siku hiyo.

Leo ninapoandika wamebaki 14. Saba kati yao nimeshafika kwao mara mbili, wawili hawatarudi kabisa, mmoja baba yake amesema niende na mtu wa kanisani kwake, basi nitakwenda naye Jumamosi.

Wewe unayesoma na kutaka kutusaidia, Desemba tuna watu. Njoo Februari. Usilete kamera. Lete viatu vyeusi vya shule vya ngozi, visivyo na kisigino, namba 36 hadi 40. Namba 38 ndiyo inayoisha haraka.