Kivuli cha Bibi

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa ghorofa ya tatu katika mojawapo ya majumba ya zamani ya Upanga, si mbali na Muhimbili. Kazi yake ni kuumba watu wasiokuwapo. Huwachora katika kompyuta, akawapa sura, mavazi, silaha na khulka, kisha wenziwe wajuao programu huwatia roho, wakatembea na kupigana ndani ya mchezo wa video. Mwishoni mwa mwaka 2024 nilimleta mama yangu kutoka Pemba kuja kutazamwa macho, tukafikia kwake, nami nikajikuta mshauri wa kazi nisiyoijua.

Sikuwa nikiitazama michezo hii kwa jicho jema. Lakini siku ya pili kijana alinieleza kanuni moja iliyonifanya nivute kiti. Kila mhusika, alisema, hujengwa juu ya jambo moja: huyu moto, yule maji, mwingine subira au kisasi; na jambo hilo sharti lionekane katika rangi yake, mwendo wake, silaha yake, hata namna anavyokufa. Nikamwambia, "Hiyo ni bahari." Akadhani nataja hii iliyo chini ya daraja la Selander. Nikamfafanulia kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, nacho hubadilika kila ubeti, ila kipande cha nne hushika kina kimoja tangu mwanzo wa utenzi hadi tamati, na hicho ndicho kina cha bahari. Msikilizaji akipotelewa na kisa, sauti ile humrejesha. Kijana akaliandika neno hilo katika daftari lake, akalipigia mstari.

Tukaanza na Liyongo, naye akatuchelewesha siku mbili. Muhamadi Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913, na wasomaji wa kurasa hizi hawana haja ya kusimuliwa na mimi. Mpwa wangu alimtaka kwa urefu wake na uta wake (nikacheka kidogo: shujaa wa Upanga asiyekuwa na upanga). Tabu ilikuwa kifo. Katika michezo ya video shujaa ana uhai wa kuhesabika. Hupigwa, mstari mwekundu juu ya kichwa chake ukapungua, akafa, akafufuka palepale alipoangukia. Liyongo hapungui hivyo. Huuawa mara moja tu, kwa sindano ya shaba kitovuni, naye amelala, kwa mkono wa mwanawe.

"Sasa mchezaji atafanya nini, mjomba? Atajikinga vipi na mtoto wake mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba Liyongo asiyeweza kusalitiwa si Liyongo, ni mtu mrefu. Nikamkumbusha jinsi alivyokufa amepiga goti karibu na kisima, uta mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Picha hiyo aliichora usiku uleule, naye ndipo aliponifunza jaribio la kivuli. Mchoro ukikamilika huujaza weusi wote, pasibaki jicho wala pambo. Ikiwa kwa umbo peke yake bado unamjua ni nani, mhusika amesimama. Liyongo alisimama.

Wakaja maadui. Popobawa nilimkataa kabla hajamaliza kulitamka jina. Mwaka 1995 watu walikesha nje ya nyumba zao Pemba na Unguja kwa khofu yake, na mjini Unguja kijana mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu waliodhani kuwa ndiye. Mpwa wangu hakubisha. Akaniambia kwamba hata hivyo adui mkuu amekwisha kumchora, na waliotoa fedha za mchezo wamempenda kuliko wahusika wote.

Akamfungua. Alikuwa bibi kizee aliyepinda mgongo, buibui la kamba la zama zile, bakora mkononi, macho mekundu. Chini yake yameandikwa maneno matatu: Mchawi wa Pemba. Kisha, kwa kujivunia ufundi wake, akamjaza weusi nikione kivuli.

Mama alikuwa amerejea kutoka hospitali saa ile. Alikuwa ametiwa dawa ya kupanua mboni, haoni ila maumbo. Akapita nyuma ya viti vyetu akipapasa ukuta, akasimama, akainamia kioo cha kompyuta.

"Huyu ni miye?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mjukuu wangu kanichora! Na bakora yangu hiyo. Nafanya nini humo?"

Tulinyamaza kwa muda.

"Unatembea, bibi," akasema kijana.

Usiku tulibishana kwa sauti ya chini, mama akiwa amelala chumba cha pili. Nilimweleza habari za vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliokatwa mapanga kwa kisa cha macho mekundu, na macho yale yamefanywa mekundu na moshi wa jikoni. Alinijibu kwamba huu ni mchezo, na kwamba ajuza mlaghai yumo tele katika hadithi zetu wenyewe, wala hakuletwa na kompyuta. Hilo ni kweli. Nami nilizicheka hadithi hizo nikiwa mtoto, nimekaa mapajani mwa ajuza.

Asubuhi yeye ndiye aliyeanza. Alinifungulia mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeubuni kutokana na msiba wa babake. Unaweza kuucheza kwa Kiswahili. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba, na sharti kwanza ayashinde mapepo matatu makubwa. Mapepo yale hayafanani na jirani wa mtu yeyote; ukipigana nayo unapigana na huzuni ya Zau mwenyewe. "Yeye kapata bahari yake," alisema mpwa wangu. Niliona kuwa hakulala vizuri.

Hapo nikamtajia nunda. Hadithi hiyo ilisimuliwa Unguja, na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, akaichapisha London mwaka 1870. Sultani Majinuni ana paka. Paka anakula mifugo, watu wanashitaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Mnyama anapanda kwenye mbuzi, kisha ng'ombe, kisha watoto wa watu, na jibu ni lilelile, mpaka siku alipowala wana wa Sultani. Ndipo jina lake linapogeuka. Anayemwua ni mwana mdogo aliyedharauliwa, mkaa jikoni, yuleyule aliyetafuna changarawe usiku usingizi usimwibe. Nilipendekeza kwamba mchezaji mwenyewe ndiye amlishe paka huyo tangu mwanzo, wala asiambiwe kitu.

Siku hiyo tulikwenda Kariakoo kumnunulia mama miwani ya jua. Mpwa wangu akabaki nyuma akichora paka wa mabucha. Baada ya siku tatu aliwapelekea wenye fedha mnyama wake. Wakamjibu kwamba paka ni mzuri, ila mchawi wamekwisha kumlipia. Faili lake bado analo, hajalifuta, hajalituma. Kodi ya nyumba ilikuwa ya mwezi ule, na sikuthubutu kumwambia afanye nini.

Jioni ya mwisho kabla ya boti, macho ya mama yalikuwa yametulia. Mjukuu akamkalisha mbele ya kioo, akamwekea kidole juu ya kitufe. Katika uwanja wa nyumba ya Sultani paka mdogo wa rangi ya majivu alikuwa akilia. Mama akabonyeza, kuku akatoweka, paka akajiramba.

"Maskini, ana njaa," akasema, akabonyeza tena.

Mpwa wangu alinitazama. Paka alikuwa amekwisha kuwa mkubwa kuliko mlango, na mama bado anamlisha.