Akaunti Kabla ya Kwata

Mjomba, sajini mstaafu, ndiye aliyetutuma Nyeri, mimi na Mama. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nina miaka 17, na nyumbani kwetu Mukurwe-ini kila mtu alishajua kwamba nataka jeshi.

“Usingoje uitwe,” aliniambia. “Ukiitwa utakuwa na siku chache tu, na watataka namba ya akaunti. Jeshi halilipi kwa bahasha.”

Mama alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Jirani yetu aliuza mtamba akampa pesa mtu aliyejidai ana mtu wake jeshini. Mwanawe akapewa barua yenye muhuri, akasafiri hadi Eldoret, na kwenye lango la Moi Barracks akaambiwa ni bandia. Si yeye peke yake. Vijana wengine wamewahi kukamatwa pale pale na barua za namna hiyo. Tangu siku hiyo Mama akisikia jeshi na pesa vikitajwa pamoja, moyo humlipuka. Akaunti yenye jina langu, iliyofunguliwa mchana kweupe, aliiona kuwa kinga.

Tulipanda matatu asubuhi, Mama amekumbatia bahasha ya kaki: kitambulisho chake, PIN yake ya KRA, cheti changu cha kuzaliwa na picha zangu za pasipoti. Gari liliteremka hadi mto Gura, likapanda tena taratibu. Tulipopita uwanja wa Ruring’u nilikumbuka masimulizi ya Mjomba, kwamba Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakabidhi silaha hapo uwanjani. Kwa Mjomba askari ni mmoja tu, Waruhiu Itote, Jenerali China, mzaliwa wa Kaheti huku kwetu Mukurwe-ini. Alipigana Burma akiwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, akarudi akaingia msituni, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa wakuu wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Nilikua nikilisikia jina hilo kila Mjomba alipotutembelea.

Mjini Nyeri tulipita kando ya mnara wa kumbukumbu ya Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957, kisha tukaingia benki. Sikuwahi kuvuka mlango wa benki. Mlinzi alitupitishia kifaa chake, akatuonyesha foleni.

Karani aliisoma tarehe yangu ya kuzaliwa, akanitazama. “Huyu bado mtoto. Jina la akaunti litakuwa lake, lakini sahihi ni ya mama. Hapewi kadi ya ATM, na hatoi pesa peke yake.”

Mama akashika kalamu. Yeye sahihi yake ni jina lake, huliandika herufi moja moja. Karani alilinganisha na kitambulisho, akatikisa kichwa: zamani herufi ya mwisho ilikuwa na mkia, sasa haina. Akapewa karatasi tupu ajaribu. Nilimtazama akiandika jina lake mara kadhaa, ameinama, watu wakisubiri nyuma yetu, mpaka mkia ukarudi. Kati ya yote niliyoyaona siku ile, hilo ndilo lililonigusa zaidi. Mwanamke aliyeniogopea jeshi kuliko kitu chochote alikuwa akinifungulia njia kwa mkono wake.

Njiani kurudi alitaka kujua kwa nini wasiniandikishe sasa, tumalize. Nilimweleza kwamba Kenya haiandiki jeshini mtu aliye chini ya miaka 18, na kitambulisho nacho hungoja umri huo huo. Mwaka 2002 nchi yetu iliridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita, ikatamka kwamba kwake umri ni 18. Uingereza, ambayo askari wake hufanya mazoezi Nanyuki, huchukua vijana wa miaka 16 na kuwafunza katika chuo chake cha Harrogate. Huko mtoto hupokea mshahara wa jeshi kabla hajatimiza miaka 18. Naipenda sheria yetu. Mwaka mmoja wa kungoja si adhabu kwa mtu anayetaka kukabidhiwa bunduki.

Nilipopata kitambulisho tulirudi benki. Karani aliuliza kama Mama angependa kubaki mtia sahihi pamoja nami, maana wazazi wengi hubaki.

“Hapana,” Mama alisema. “Mshahara utakuwa wake. Andika yeye peke yake.”

Nikaweka sahihi yangu, nikachukua fomu ya kadi. Karatasi zote zilikuwa tayari. Iliyobaki ilikuwa mizani: siku ya kuandikishwa msichana hutakiwa awe na kilo 50, nami nilikuwa na 48.