Kindi, mbegu na zamu za SMS

Wiki mbili hizi sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa Kitui kwa Mwaitu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama), kisha nikavuka kwenda Makueni kwa dada yangu. Pande zote mbili kazi ilikuwa ileile: kuzuia kindi wasile mbegu.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wanaijua vita hii. Huko mtu hutundika chombo cha mbegu uani ili ndege wale, kindi wakamaliza zote. Mwaka 2020 Mark Rober, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA, alinunua vyombo vilivyodaiwa kuwashinda kindi. Vikashindwa vyenyewe. Akajenga njia ndefu ya vikwazo, na kindi wakaipita. Video ile nimeitazama mara nyingi, lakini yeye alikuwa akilinda nguzo moja. Sisi tunalinda ekari mbili.

Halafu kindi wetu hakai mtini. Anakaa shimoni, kwenye kichaka kando ya shamba. Hutoka jua likishapanda na kurudi kabla ya giza. Plau ikishapita na mbegu zikafukiwa, yeye hufuata mstari: anafukua punje, anasogea hatua, anafukua nyingine, kama programu inayosoma orodha kuanzia juu hadi chini. Mche ukishapata mizizi na punje ikaisha chini yake, hana tena haja nao. Kwa hiyo hatari yenyewe ni ya siku chache tu, tangu kupanda hadi mche kusimama.

Ndiyo maana kupanda kwenye vumbi, kabla ya mvua za vuli, ni kamari. Mahindi ya Katumani hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na mvua yetu ni fupi, kwa hiyo unataka mbegu iwe tayari ardhini tone la kwanza likianguka. Mvua ikichelewa siku kumi, umewawekea kindi meza siku kumi.

Mwaitu aliniuliza, "Mwanangu, hizo kompyuta zako haziwezi kupiga kelele shambani?" Zinaweza. Kihisi cha mwendo na king'ora si kazi ngumu. Lakini kihisi hicho kitaamshwa na mbuzi, na upepo, na kuku wa jirani, na baada ya siku mbili kindi atakuwa amezoea kelele kuliko sisi. Nikamwambia hapana, tukafyeka kichaka cha mpakani, tukamfunga mbwa upande ule. Yeye akakaa chini ya mwembe na debe lake la kugonga.

Makueni mambo yalikuwa magumu zaidi. Shemeji alikuwa amekwisha nunua sumu sokoni, imefungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Ukichanganya na mahindi, kindi anakufa. Anakufa pia kanga anayeokota punje hizo, na watoto humtega kanga na kumla. Tai akila mzoga, naye basi. Furadan ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu, lakini nchini Kenya ilikuja kuua simba na tai, hadi watengenezaji wake, FMC, wakaanza kuiondoa madukani mwaka 2009. Nilimweleza shemeji haya yote. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Sasa nani atalinda? Huyu?" Akamwonyesha binti yake wa darasa la sita, aliyebakiza siku chache aanze mtihani.

Sikuwa na jibu la haraka. Kumwacha mtoto shambani tangu asubuhi hadi jioni ili tusitumie sumu, hiyo nayo ni bei.

Tulichofanya ni kuongea na majirani wanne ambao mashamba yao yanapakana. Walikubali kupanda ndani ya siku tatu zilezile. Mbegu zikiwa kila mahali kwa wakati mmoja, kindi walewale hawawezi kumaliza shamba la mtu mmoja, na mlinzi mmoja mwenye mbwa anaweza kuzunguka yote matano. Kila nyumba ilitoa mtu mzima mmoja. Zamu nilizipanga kwa programu ndogo inayotuma SMS saa kumi na mbili asubuhi. Daftari lingetosha, lakini shemeji alisema jirani husahau daftari, simu hasahau.

Vishimo bado vipo, hasa mistari ya pembeni, na tumepandia upya. Binti yuko shule. Ile karatasi dada aliitupa chooni, sijui kama shemeji ameshagundua.

Mahindi yakianza kukomaa kindi watarudi, safari hii pamoja na nyani. Hapo zamu zitakuwa za wiki kadhaa, na programu yangu haijui bado kwamba Desemba nusu ya walinzi husafiri.