Vazi la Namba

Namba ina mwili na vazi. Mwili ni kiasi chenyewe. Vazi ni tarakimu zionekanazo. Apunguzaye vazi hana lawama, lakini akataye mwili ili vazi lipendeze amedhulumu.

Huko Laela, katika uwanda wa juu wa Ufipa, kijana mmoja aliyesomea kompyuta aliandika programu ya kujumlisha uzito wa mahindi ghalani. Alipenda namba nzima, kwa kuwa desimali ndefu zilimchafulia kioo. Siku moja baba yake alileta magunia 30, kila moja lina kilo 90.4. Programu ililifanya kila gunia kuwa la kilo 90, kisha ikajumlisha, ikaandika 2,700. Mzee alikuwa na daftari na kalamu ya risasi. Hesabu yake ilisema 2,712.

"Mwanangu," akauliza, "kilo 12 zimeliwa na nani?"

"Hakuna aliyezila, baba. Nimezificha tu zisionekane."

"Kilichofichwa hupatikana kikitafutwa. Hizi ziko wapi?"

Kijana alinyamaza. Usiku ule alirudia kuisoma Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991. Akaona kwamba amri ya round huzaa namba nyingine, na hiyo ndiyo iliyokwenda kujumlishwa. Amri ya format huzaa maandishi ya kutazamwa tu, na namba yenyewe hubaki salama. Akafahamu pia asili ya desimali zile ndefu. Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali. Ndiyo sababu 0.1 ikijumlishwa na 0.2, Python huonyesha 0.30000000000000004. Mkia huo wafaa kukatwa machoni pa msomaji, si katika hazina.

Hata nukta ni vazi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, desimali hutengwa kwa mkato kwa desturi ya Kifaransa, wala mzigo hauongezeki wala haupungui.

Asubuhi kijana alizipanga amri zake upya: kujumlisha kwanza, kuonyesha mwisho. Karatasi ikatoka na 2,712.0. Mzee aliitazama nukta na sifuri yake, akasema, "Sifuri hii hainishibishi, lakini yaniambia kuwa aliyepima alitazama."